Njia ya Mwongo ni Fupi: GPS ya Mkononi kwa Mwendesha Baiskeli wa Pwani

Simama na baiskeli yako ufuoni Shanzu, uiambie GPS ya mkononi ikupeleke kwenye magofu ya Jumba la Mtwana. Ikiwa imewekwa kufuata mstari ulionyooka, itakuonyesha mshale wa kaskazini mashariki na kukuambia umebakisha kilomita chache tu. Kwa umbali haikukosea, maana magofu yako pale ng'ambo. Isichokuambia ni kwamba katikati yenu kuna hori ya Mtwapa, mkono wa bahari wenye mikoko na mashua. Ili ufike itakubidi urudi hadi barabara ya Malindi, uvuke daraja la Mtwapa, ndipo uteremke tena baharini. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na hawakuwahi kuiona GPS.

Naanza na mfano huu kwa sababu wanunuzi wengi huingia dukani na matumaini ambayo kifaa hiki hakiwezi kuyatimiza. GPS inajua jambo moja, nalo ni mahali ulipo. Ramani iliyomo ndani yake ilichorwa na watu, pengine miaka mingi iliyopita. Njia inayokupangia ni hesabu iliyopigwa juu ya ramani hiyo. Maji kujaa, geti kufungwa, ukuta uliojengwa mwezi jana, yote hayo haina habari nayo. Ukilishika hilo, utajua cha kulipia na cha kutolipia, na kifaa cha bei nafuu kitakufaa kuliko cha bei mbaya alicho nacho mtu anayekitii kila kinaposema.

Simu yako inatosha?

Kama safari yako ni kutoka Shanzu hadi kazini Bamburi na kurudi jioni, usinunue chochote. Njia unaijua. Kama mwisho wa wiki unapenda kufika Kikambala au Vipingo na unataka tu kujua umeendesha kilomita ngapi, simu inatosha. Pakua programu ya OsmAnd au Organic Maps, uteremshe ramani ya Kenya ungali kwenye Wi-Fi, na safari nzima utaimaliza bila bando. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti hata ikiwa haina laini. Bando huisaidia tu kuzipata setilaiti haraka.

Kifaa cha mkononi huanza kuipita simu jua linapopanda. Kioo cha simu huonekana kwa taa yake chenyewe, na jua la saa sita huimeza taa hiyo. Unajikunja, unatia kivuli kwa kiganja, na huku lori linakupita ubavuni. Vioo vya GPS nyingi za mkononi vimetengenezwa kuurudisha mwanga wa jua, hivyo jua likizidi kuwaka ndivyo vinavyozidi kusomeka. Tena kuna joto. Simu iliyofungwa kwenye usukani, taa imewaka na ramani inafanya kazi, hupata moto hadi ikajipunguzia mwanga au ikajizima. Kuna jasho na mvua, ambavyo kioo cha kugusa huvidhania kuwa ni vidole. Na kuna mtikisiko. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wenye iPhone kwamba mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuiharibu kamera. Baiskeli haina injini, lakini njia ya mawe ya matumbawe kule Utange nayo si godoro.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba simu ndiyo M-Pesa yako, na ndiyo utakayompigia mtu ukipata pancha giza likiingia. Chaji yake ibaki kwa kazi hiyo. Anayesafiri kutwa nzima, anayelala njiani, au anayeongoza wageni kwa baiskeli, huyo ana haja ya kifaa cha pembeni.

Cha kutazama dukani

Kuna jamii mbili. Ya kwanza ni kompyuta za baiskeli, kama Edge za Garmin au ELEMNT za Wahoo. Ni ndogo, hukaa vizuri kwenye usukani, hupokea taarifa za mapigo ya moyo na za kanyagio, na betri yake ni ya ndani, ya kuchaji. Zinamfaa mtu wa mazoezi na mashindano. Ya pili ni GPS za mkononi hasa, zile wanazobeba wapanda milima, wapima ardhi na askari wa wanyamapori, kama eTrex na GPSMAP za Garmin. Ni nene kidogo na hazina mbwembwe, lakini hubebwa mfukoni ukishuka kwenye baiskeli, na nyingi zake hutumia betri mbili za AA, hizi za kutia kwenye tochi.

Kwa mwendesha baiskeli wa Pwani anayetoka nje ya mji, mimi naipa kura jamii ya pili, na betri ndiyo sababu. Kutoka Shanzu hadi Lamu hutakosa kioski chenye betri za AA. Stima ikipotea hukwami. eTrex 22x, kwa hesabu ya mtengenezaji, huenda saa 25 kwa betri mbili, na eTrex SE iliyotoka 2023 hufika saa 168. Punguza kidogo hesabu hizo, kwa kuwa huenda zimepimwa kwa betri nzuri na taa ikiwa imezimwa, lakini hata ukizigawa kwa mbili bado safari ya siku nzima inabaki na akiba. Nunua betri za kuchaji za aina ya NiMH jozi mbili pamoja na chaja yake. Zile rahisi za kutupa weka za dharura. Kisha ingia kwenye mipangilio ukiambie kifaa ni betri za aina gani, la sivyo alama ya chaji itakudanganya.

Jambo la pili ni vitufe. Ukiwa na glavu, au vidole vina jasho na mafuta ya kukinga jua, kitufe cha kubonyeza hakikosei. Vibonyeze vyote dukani kwa kidole gumba cha mkono mmoja, kwa maana wa pili utakuwa umeshika usukani.

La tatu ni ramani. eTrex 10, iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote katika jamii yake, haina nafasi ya kadi wala ramani ya kina. Inakuonyesha nukta yako na mstari wa ulikopita. eTrex SE nayo haionyeshi ramani, hutegemea simu kwa hilo. Wapo wanaotosheka na hivyo. Lakini kwa tofauti ya bei iliyopo, mtu anayeendesha katika vijia vya nyuma ya Kisauni, ambako kila kona ina njia panda, atafurahi kuwa na ramani. Hakikisha kina nafasi ya kadi ndogo ya kumbukumbu.

Dira ya sumaku na kipimo cha mgandamizo wa hewa ndivyo vinavyoipandisha bei eTrex 32x juu ya 22x. Dira hukuonyesha upande ulikoelekea hata ukiwa umesimama. Bila hiyo kifaa huujua upande kwa kuona unavyosogea, basi ukifika njia panda sogea hatua kumi ndipo uuamini mshale wake. Kipimo cha hewa husaidia kujua kimo sawasawa, jambo la maana kwa anayepanda Shimba Hills au milima ya Taita. Shanzu na Mtwapa ni tambarare. Hapo usilipie mlima usioupanda.

Kuhusu maji, tafuta alama ya IPX7, yaani kifaa kinavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Mvua ya masika hakiiogopi. Alama hiyo haisemi lolote juu ya chumvi, na chumvi nitaizungumzia mbele.

Ukinunua cha mkono wa pili

Vingi vinavyouzwa hapa vimeshatumika: vya watalii, vya wapima ardhi, vya miradi iliyokwisha. Si vibaya. GPS haina tairi la kulika, na kifaa cha miaka kumi kinaweza kukuonyesha ulipo kwa usahihi uleule. Ila usikinunue ndani ya duka. Toka nacho nje, mahali penye mbingu wazi, ukiwashe, kisha subiri.

Usimlaumu muuzaji kikichelewa. Kila setilaiti hurusha taarifa za setilaiti wenzake wote, na kuipokea taarifa hiyo kamili huchukua dakika 12 na nusu. Kifaa kilichozimwa miezi mingi, au kilichotoka Ulaya kikawashwa Mombasa, kinaanza upya. Kipe dakika ishirini. Kikipata setilaiti nne na kuendelea, kitakuambia mahali ulipo na kosa linaloweza kuwapo. Mita tatu hadi tano katika uwanja wazi ni uzima.

Halafu tazama tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu majuma kuanzia sifuri hadi 1,023, kisha hesabu hurudi sifuri. Hilo lilitokea Agosti 1999, likatokea tena usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vikarudi nyuma karibu miaka 20. Mahali ulipo vitakuonyesha vizuri, lakini kumbukumbu za safari zitakuwa na tarehe za uongo, na ukurasa wa jua na mwezi hautakuwa na maana. Ukiona hivyo, shusha bei, na uulize kama programu mpya ya kifaa hicho inapatikana.

Fungua mahali pa betri. Kutu ya kijani kwenye vyuma ni dalili ya betri iliyovujia ndani. Ikiwa nyepesi husafishika kwa siki na kitambaa, ikiwa imekula chuma achana nacho. Vuta kifuniko cha mpira cha pale panapoingia waya: kikiwa kimepasuka, IPX7 imekwenda. Mwisho, pekua kumbukumbu zake. Ukikuta majina, nyumba na safari za mtu, na muuzaji hawezi kueleza kilimfikaje, mrudishie uende zako.

Ramani huletwa na watu

Vifaa vingi vya bei ya chini huja na ramani ambamo Kenya nzima ni barabara kuu tano na majina ya miji. Dawa yake ni ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambao mtu yeyote anaweza kuongeza barabara, kisima au kijia. Kwetu Afrika Mashariki umezaa matunda: Map Kibera ilianza Nairobi mwaka 2009, na Ramani Huria ya Dar es Salaam ilichora mitaa inayokumbwa na mafuriko kwa mikono ya wanafunzi na wakaazi. Ramani hizo zipo mtandaoni bure katika muundo wa Garmin. Unateremsha faili ya Kenya, unaiweka kwenye kadi katika folda ya Garmin, unawasha. Kuna pia Tracks4Africa ya Afrika Kusini, ya kulipia, inayopendwa na wasafiri wa masafa marefu.

Sasisha ramani hiyo angalau mara moja kwa mwaka, na sababu iko mlangoni mwetu. Barabara ya Mombasa kwenda Mtwapa na Kilifi imekuwa ikipanuliwa kuwa ya njia mbili mbili. Ramani ya kabla ya ujenzi itakuambia ukate kulia mahali ambapo leo pana ukingo wa zege.

Mfano mwingine ni wa kwenda Diani. Kifaa kina sehemu ya kuchagua vitu vya kuepuka: barabara za kulipia, barabara za vumbi, feri. Aliyekitumia kabla yako huenda alichagua kuepuka feri. Basi kikiwa na ramani ya kabla ya barabara ya Dongo Kundu, hakina namna nyingine ya kukufikisha ng'ambo ya Likoni ila kukupandisha Mariakani, kukupitisha Kinango na kukuteremsha Kwale, zaidi ya kilomita mia moja, ili uvuke maji ambayo feri huyavuka kwa dakika chache. Hakikukosea hesabu. Kiliulizwa swali baya juu ya ramani kuukuu.

Mwenye kupenda karatasi ajue jambo moja zaidi. Ramani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado ni hazina kwa vilima na mito, zilichorwa kwa mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na GPS hutumia WGS 84. Ukisoma namba za kifaa ukazitia kwenye karatasi bila kubadilisha, utajikuta umehama mita 300 hivi. Katika mipangilio ya kifaa mna orodha ya mifumo hiyo. Chagua Arc 1960 unapotumia karatasi, kisha rudisha WGS 84 ukimaliza.

Mipangilio ya siku ya kwanza

Yafanye nyumbani, ukiwa na chai, usiyafanye kandokando ya barabara.

Kwanza, zima ile sehemu inayoinatisha nukta yako barabarani. Imetengenezwa kwa magari. Kwa baiskeli hukuonyesha uko juu ya lami na hali uko kwenye kijia cha pembeni, mita arobaini kutoka hapo.

Pili, weka kifaa kikuulize kabla ya kupanga njia upya. Kikiachwa kifanye kitakavyo, ukikwepa dimbwi tu kinaanza kupiga hesabu mpya na kukurudisha ulikotoka.

Tatu, chagua namna ya kurekodi nyayo, yaani mstari wa ulikopita. Vifaa vingi vya aina hii huweka nukta 10,000 katika rekodi moja. Ukirekodi nukta kila sekunde, zitakwisha kabla ya saa tatu kutimia. Nukta kila sekunde tano hukupa karibu saa 14, na kona za vijia bado zinaonekana.

Nne, kwenye ukurasa wa namba acha nne tu: umbali, mwendo, saa, na wakati wa jua kuchwa. Hiyo ya mwisho wengi huipuuza. Kwetu karibu na ikweta jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza halina subira.

Tano, zima mlio wa kila kona na upunguze taa. Mchana huihitaji.

Kukifunga, na uadui wa chumvi

Nunua kishikio halisi cha kifaa chako, kile kinachofungwa kwa vibanio vya plastiki juu ya usukani. Plastiki hiyo huchoka kwa jua, kwa hiyo ongeza kamba ya usalama. Fundi yeyote wa baiskeli atakukatia ukanda wa tyubu kuukuu bila hata kukudai: upitishe kwenye tundu la nyuma la kifaa, uuzungushe shingo ya usukani, ufunge fundo. Ukanda huo pia ukiwekwa chini ya kishikio, kati ya chuma na plastiki, hupunguza mtikisiko na huzuia kuteleza.

Chumvi ya hewa ya bahari hula kidogo kidogo. Ukirudi, pangusa kifaa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushe, kisha ufungue mahali pa betri papate hewa. Kama hutasafiri wiki kadhaa, toa betri kabisa. Usikiache juani kwenye usukani unapokunywa madafu; kiingie mfukoni mwako, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya mikono mirefu.

Njiani

Setilaiti za GPS ziko mbali mno. Setilaiti iliyoitwa Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka majukwaa ya San Marco karibu na Malindi, ilizunguka kwenye kimo cha kilomita 500 na ushei. Hizi za GPS ziko kilomita 20,200. Mawimbi yake yakifika duniani yamekuwa dhaifu sana, na majani yenye umande au ukuta mrefu huyazuia. Ndiyo maana ukiingia chini ya mivinje ya Bamburi, katika machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971, mstari wako huanza kuyumba. Kifaa kinachopokea pia setilaiti za Urusi, Ulaya au China, yaani GLONASS, Galileo na BeiDou, huyumba kidogo kuliko kinachotegemea za Marekani peke yake. Usigeuze njia kwa sababu ya nukta moja iliyoruka. Ngoja ufike uwazini.

Ufuoni tumia ukurasa wa jua na mwezi. Kutoka Shanzu kuelekea Bamburi, maji yakipwa, mchanga wa karibu na bahari huwa mgumu na tairi haizami. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndipo maji ya bamvua, yanayopwa mbali na kujaa juu. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na mchanga mgumu ni mwembamba. Ukurasa huo hukuonyesha umbo la mwezi tu. Saa ya maji itafute kwenye jedwali la Mamlaka ya Bandari ya Kenya au kwa mvuvi yeyote. Anza kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, ili urudi kabla hayajakubana baina ya bahari na kuta za hoteli. Na ukiiangalia safari hiyo baadaye kwenye ramani utaona mstari wako unapita baharini. Rekodi ni sahihi. Aliyechora ramani alichora ufuo wa maji kujaa. Ukitoka ufuoni, mnyororo nao uoshe siku hiyohiyo kwa ajili ya chumvi, uupake mafuta.

Bara, kaida ni kuuliza. Kijia kimechorwa kutoka Utange kwenda Kashani, kifaa kinakusukuma mbele, na mbele yako pana ukuta mpya. Mama anafua mlangoni.

"Shikamoo mama. Njia hii yatokea Kashani?"

"Marahaba mwanangu. Ilikuwa yatokea, hao wameshazungushia. Rudi hadi ule mkwaju, ukate kushoto, usiingie kwenye minazi, hapo pana maji."

Hakuna setilaiti itakayokupa maneno hayo. Weka alama pale ukutani kwa kitufe kimoja, uiite "ukuta", na uweke nyingine mkwajuni. Safari ijayo hutauliza, na utamsaidia atakayekuja nyuma yako.

Ukifika nchi ya Rabai, Ribe na Kambe, kumbuka misitu ya kaya. Baadhi yake imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, lakini kabla ya UNESCO ni ya wazee. Kijia kinachoonekana kwenye kioo hakikupi ruhusa. Waulize wazee, au zunguka. Vivyo hivyo kwa gereza la Shimo la Tewa na kwa makambi: usisimame getini umeinua kifaa unatafuta mawimbi.

Kutaja ulipo ukiwa na shida

Jifunze kuusoma ukurasa wa mahali ulipo kabla hujaanguka. Shanzu iko takriban 3.97 kusini na 39.75 mashariki. Unapompigia mtu, taja upande: kusini. Kwenye simu kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, na ukiisahau, msaada utatafutwa upande wa Moyale, mpakani na Ethiopia. Kubalianeni pia muundo. Namba ileile huweza kuandikwa kwa digrii zenye desimali, au kwa digrii na dakika, au kwa digrii, dakika na sekunde. Mtu akisoma dakika 58.50 akadhani ni dakika 58 na sekunde 50, amehama zaidi ya mita 600, na usiku vichakani hizo ni nyingi.

Mimi nashauri digrii zenye desimali, tarakimu tano baada ya nukta, kwa ujumbe mfupi. Tarakimu ya nne ni kama mita 11, ya tano ni mita moja hivi. Ongeza na jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, kwa kuwa dereva wa tuktuk atakayekuja kukubeba huenda hajui desimali lakini anapajua Kwa Kadzengo. Namba za dharura ni 999 na 112.

Siri ya nyumbani

Ukizipandisha safari zako kwenye Strava au mahali pengine, unamwonyesha kila mtu baiskeli hiyo inalala wapi na huondoka saa ngapi. Mwanzoni mwa 2018 dunia ilishangaa kuona kambi za kijeshi zimejianika kwenye ramani ya Strava kwa sababu askari walirekodi mbio zao. Nyumba yako nayo ni kambi. Weka eneo la kuficha kuzunguka nyumba, au anza kurekodi ukiwa umeshafika barabara kuu.

Mwezi wa kwanza

Usiende mbali nacho kwanza. Kiendeshe palepale unapopajua: Shanzu, Mtwapa, Bamburi, Kiembeni. Linganisha kinachosema na unachokijua mwenyewe. Utagundua mahali kinapodanganya, ramani inapokosa, na betri zako zinapokwisha kweli. Hamisha nyayo zako kwenye kompyuta kwa faili ya GPX, ufungue akaunti ya OpenStreetMap, uongeze vile vijia ambavyo havimo na ufute vilivyojengewa kuta. Kazi hiyo ni ya jioni moja, haina malipo, na mwendesha baiskeli mwingine wa Kisauni atakayepakua ramani mwakani ataikuta njia ya mkwajuni imechorwa.